Uso wa Sahla

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimemeza kidonge cha kwanza. Ni laini, chekundu, kinang'aa kama punje ya komamanga, na kwa udogo wake huwezi kudhani kinaweza kumtia daktari wasiwasi. Lakini Daktari Idah alinikalisha muda mrefu kabla ya kunikabidhi. Alinipima damu. Alinipima na mkojo kuhakikisha sina mimba, ingawa nilimwambia sijaolewa. Hakunibishia. Alisema atanipima kila mwezi vivyo hivyo, maana dawa hii ikimkuta mtoto tumboni humharibu, na haiulizi mama yake ni nani wala ana adabu gani. Kisha akanitajia mengine: midomo itapasuka, macho yatakauka, pua huenda ikatoka damu, jua nilikimbie. Nimeze baada ya kula chakula chenye mafuta.

Mwisho akasema, "Na huzuni. Ukiona huzuni inakulemea, njoo uniambie mimi, usingoje tarehe yako."

Nikamwitikia. Sikumwambia kwamba kwetu huzuni ni mwenyeji, ina mahali pake pa kukaa.

Nina miaka ishirini na mitatu. Uso wangu umeharibika tangu nilipokuwa na kumi na tano. Si chunusi za wasichana wa shule zinazokuja na kwenda. Ni vinundu vinene vyenye usaha, kimoja juu ya kingine, mashavuni, kidevuni, mpaka shingoni. Nimepakwa liwa, manjano, asali, na maji yaliyosomewa. Nilipofika kumi na saba nikaanza kuvaa nikabu. Watu wa mtaa wetu wa Shela husema Mastura ana dini. Mungu anajua zaidi.

Kazi yangu ni kupaka hina mabibi harusi. Nawashika mikono na miguu, naiona furaha yao kwa karibu, nao huniona macho tu. Kahaso, msusi wa Gede tunayekwenda naye harusini, ndiye aliyenivuta mkono mpaka kwa daktari. Alisema amechoka kunisikia nikisema nimezoea.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya kwanza. Midomo imeanza kukakamaa.

Ijumaa, 25 Aprili

Hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Daktari alinionya kwamba dawa huanza kwa kuvitoa vyote nje, lakini kuonywa si kuona. Kidevu kimevimba, siwezi kutafuna upande wa kulia.

Umair amekuja leo baada ya sala ya Ijumaa kumtazama binti yake. Ni shemeji yangu, au alikuwa. Sijui neno hilo hukoma lini. Alimwoa dada yangu Sahla. Sahla alijifungua salama, tukapiga vigelegele, na siku ya tatu akashikwa na kifafa cha uzazi, akafa mkononi mwangu kabla gari halijafika. Mwaka huu ni wa tatu. Mtoto alipewa jina la Kulthumu, sisi twamwita Kulu, na mama yangu ndiye anayemlea. Umair anatunza ghala la hoteli moja Watamu na anaishi huko na mamake, Bi Mwanatumu. Kila Ijumaa huja na mkate wa mofa na matunda, hukaa ukumbini, humpakata mwanawe, huondoka. Mimi hunisalimu huku akiitazama sakafu. Sijamlaumu. Wengi hutazama sakafu.

Kulu alinigusa kidevu akaniuliza, "Mamadogo, umeumwa na nyuki?"

Nikamwambia ndiyo, wengi.

Jumatano, 7 Mei

Kwa daktari. Ini salama, mimba hakuna. Aliniuliza nalala vipi. Nikasema vizuri, na kweli nalala.

Jumapili, 11 Mei

Mvua. Bahari yote imekuwa nyekundu kwa tope la mto Sabaki. Harusi mbili zimeahirishwa.

Jumapili, 18 Mei

Sijui niandikeje.

Vinundu vimenywea. Havikuondoka siku moja, vilikuwa vikinywea kidogo kidogo na mimi sikutaka kutazama, kwa sababu nimeshatumaini mara nyingi. Leo Kahaso alikuja tuchanganye hina, akanivua nikabu kwa mkono wake, akanipeleka dirishani. Alinigeuza huku na huku kisha akaniambia nikajitazame.

Nilikwenda kwenye kioo cha kabati. Nje kulikuwa kweupe, mvua imepumzika. Na ndani ya kioo alikuwa amesimama Sahla.

Si kwamba tulifanana zamani. Sahla alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne, na uso wangu ulipoanza kuharibika ulikuwa bado wa kitoto. Nadhani umekua huko chini, peke yake, bila mtu kuuona, na ulipotoka ukatoka na taya lake, na mfupa wa shavu lake, na ule mstari juu ya mdomo. Nilifumba macho nikafumbua. Alinitazama kama aliyeamshwa.

Kahaso hakuwahi kumjua Sahla. Alisimama nyuma yangu akatabasamu, akasema, "Umeona ulivyo mzuri?"

Jumatano, 21 Mei

Umeme ulikatika wakati wa magharibi. Nilikuwa nimesimama ukumbini natafuta kiberiti, sikujifunika. Baba akatoka kutawadha. Baba yangu, mzee Stambuli, ni mpika halua. Mikono yake hushika sufuria za moto bila kutetereka. Aliponiona aliiachia birika ikaanguka na maji yote. Alisema, "Inna lillahi."

Nikamwambia, "Ni mimi, baba. Ni Mastura."

Akasema, "Najua." Akaenda msikitini na kanzu iliyolowa, na hakurudi mpaka baada ya isha.

Jumamosi, 24 Mei

Mama ananitazama.

Nataka niandike ukweli hapa kwa sababu hakuna pengine. Miaka minane mama hajawahi kunitazama usoni kwa muda mrefu zaidi ya kuniambia, "Umepaka dawa?" Sasa hunikalisha uani, hunichana nywele, huishika taya yangu kwa vidole viwili na kuigeuza kwenye mwanga. Hunipasulia njia ya nywele ubavuni, si katikati. Asubuhi alifungua sanduku akanitolea leso ya Sahla, ile ya zambarau, bado ina harufu ya udi. Akanifunga yeye mwenyewe.

Na mimi nilipenda. Nilikaa kimya kama paka anayekunwa shingo. Nilijua ananitazama nani, na nikapenda.

Jumatano, 28 Mei

Mama aliniita Sahla. Niliitika.

Jumapili, 1 Juni

Pua imetoka damu mara mbili. Macho yanawasha. Nikipita mbele ya kabati nafunika kioo kwa kanga, na nikirudi nakuta kimefunuliwa. Ni mama anakifunua, najua. Lakini moyo hushtuka kila mara.

Leo nilimsikia chumbani anazungumza na Kulu. Ameshika picha ya harusi, anauliza, "Huyu nani?" Mtoto akasema, "Mama." Kisha mama akamnong'oneza kitu. Kulu akatoka mbio, akanikumbatia magoti, akasema, "Mama." Bila lile dogo lake.

Nilitaka kumsahihisha. Mama alikuwa mlangoni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu siku ya vigelegele. Nikambeba mtoto.

Jumatano, 4 Juni

Kwa daktari. Kila kitu salama. Aliniuliza tena, nalala? Nikasema nalala. Je, chakula? Nakula. Je, furaha? Nikasema, "Daktari, uso huu nani asingefurahia?"

Alinitazama kidogo kabla ya kuandika.

Nimemdanganya. Silali. Naogopa atanikatia dawa. Na sijui kama naogopa kwa ajili yangu au kwa ajili ya yule anayetazamwa na mama.

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Umair alikuja na mamake. Mama aliniambia nipeleke kahawa bila nikabu, hawa ni watu wa nyumbani, akasema, na shungi linatosha. Nikatoka na sinia.

Umair alikuwa anacheka na baba jambo fulani. Kicheko kikakatika. Hakutazama sakafu. Alinitazama kama mtu anayesoma taarifa ya msiba kwa mara ya pili, akitumaini safari hii imeandikwa tofauti. Kikombe alikipokea kwa mikono yote miwili na hakukinywa.

Bi Mwanatumu alinipima kwa jicho toka kichwani hadi miguuni. Akamwambia mama, polepole lakini nilisikia, "Mola hachukui asirudishe."

Jumatatu, 16 Juni

Nimeposwa.

Barua haikuandikwa, Bi Mwanatumu alikuja mwenyewe na wazee wawili, wakakaa na baba. Wanataka iwe baada ya Ashura. Mama aliniambia jikoni huku anakuna nazi, hakuacha kukuna. Alisema Kulu atapata mama anayemjua, Umair atapata mke anayemfaa, na hakuna mgeni atakayeingia kati yetu na mtoto. "Na mimi..." akasema. Akakuna nazi mpaka kifuu.

Kisha akaniambia niache vidonge. Nilikwishamweleza masharti yake: anayevimeza asishike mimba, wala mwezi mzima baada ya kuviacha. Akasema uso umeshapona, sasa dawa inayozuia mtoto ya kazi gani.

Nikamwambia daktari amesema kuna miezi bado, nikiacha sasa vinaweza kurudi.

Akaacha mbuzi ya nazi akanitazama. Niliona hofu machoni mwake. Haikuwa hofu ya maumivu yangu niliyomweleza siku zote. Ilikuwa hofu ya jambo moja, kwamba uso huu unaweza kuondoka tena.

Alisema, "Basi meza mpaka siku ya harusi."

Alhamisi, 19 Juni

Usingizi hakuna. Mchana, nyumba ikiwa tupu, nasimama mbele ya kabati nasema jina langu kwa sauti. Mastura. Mastura. Mdomo unaolitamka ni wake. Leo nilimwuliza, "Unataka nini?" Nikaona aibu, nikatoka uani nikafue nguo ambazo hazikuwa chafu.

Alikufa akinitazama. Hilo sijamwambia mtu. Alinikamata kifundo cha mkono, macho yakapinduka, na kabla hayajapinduka aliniona uso wangu wote, usaha na vidonda vyote, kwa sababu nilikuwa nimeivua nikabu nipate kupumua. Uso wangu ule ndio wa mwisho alioondoka nao duniani. Wa kwake ameniachia mimi.

Jumapili, 22 Juni

Nilipaka hina leo Mambrui. Bibi wa bibi harusi aliniona nilipofungua nikabu kunywa maji. Alikuwa akimjua Sahla. Alinyanyuka akaenda kukaa chumba kingine.

Kahaso aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimeposwa. Akasema hongera, kisha akanitazama akairudisha hongera yake.

Alhamisi, 26 Juni

Leo baba alikuja kuniuliza.

Alikuja saa nne asubuhi, ameacha halua jikoni mikononi mwa wengine, jambo asilolifanya. Alivaa kofia. Alikaa juu ya mkeka mbele yangu, si kitini. Mama alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Nilisikia bangili zake.

Akasema, "Mastura, mwanangu. Umair amekuposa. Mamako ameridhia. Mimi namjua ni kijana mwema, sina neno naye. Lakini siwezi kumjibu mtu kabla sijakuuliza wewe."

Kila msichana wa kwetu anajua yanavyokwenda. Bikira haambiwi aseme ndiyo. Akiinamisha kichwa na kunyamaza, kunyamaza kwake ndiko kukubali, na baba huondoka akashukuru. Mimi ni hodari wa kunyamaza. Nimenyamaza miaka sita chini ya kitambaa. Ningekaa vile vile tu, bila kufanya lolote, ningekuwa mke wa mtu na mama wa mtu na mtoto anayependwa na mama yake. Nisingehitaji hata kuinua kidole.

Nikautazama mkeka. Baba akangoja. Nje mtu alikuwa akipiga honi ya tuktuk. Nilifikiri juu ya chumba cha Watamu, na Umair akiingia jioni, na jina atakaloliita. Nilifikiri juu ya mimba, na siku ya tatu. Nilifikiri kwamba nikifa kwa uzazi kama yeye, watamlilia Sahla mara ya pili.

Baba akavuta pumzi. Akasema, "Basi, alhamdulillahi," akaanza kuinuka akijishikia goti.

Midomo yangu ilikuwa imegandamana. Sikuwa nimepaka mafuta tangu alfajiri, na dawa huikausha mpaka ikashikana kama iliyoshonwa. Niliifungua kwa nguvu. Pembe ya mdomo ikapasuka. Nilisikia ladha ya damu kabla ya kusikia sauti yangu.

"Sitaki, baba."

Akabaki nusu ameinuka, kisha akakaa tena. Akatoa kitambaa mfukoni akanipa, kwa sababu damu ilikuwa imefika kidevuni.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hajaniposa mimi."

Baba akavua kofia akaiweka gotini. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema kwa sauti ya juu kidogo, akiwa ameligeukia pazia, "Sema tena, mwanangu. Mimi nimesikia. Sema asikie na mamako."

Nikasema tena.

Mama akatoka. Hakunipigia kelele, hajawahi kuwa mtu wa kelele. Alisimama juu yangu akauliza, "Na mtoto? Umemfikiria mtoto?"

Nikasema nimemfikiria. Nikasema mtoto ana haki ya kujua kwamba mamake amekufa.

Mama akaufunika uso wake kwa leso, akarudi ndani.

Jumapili, 29 Juni

Bi Mwanatumu amemchukua Kulu. Alisema kama hakuna ndoa, mtoto akue kwa kina babake, na mwakani ataanza chekechea huko Watamu. Hakusema kwa ubaya. Alikunja nguo zake ndogo vizuri. Kulu alidhani anakwenda kutembea. Alinipungia mkono, "Kwaheri mama."

Jumatatu, 30 Juni

Mama hasemi nami.

Alhamisi, 3 Julai

Hasemi.

Jumanne, 8 Julai

Mvua zimekwisha, upepo wa baridi unavuma kutwa, milango inagonga. Ile tarehe ya daktari ilipita. Sikwenda. Vidonge vilivyobaki nimevimeza vyote kwa siku zake, kisha vikaisha.

Nakitazama kioo kila asubuhi kuona kama kinundu kimerudi. Nakitafuta kwa kidole. Nikikipata kimoja tu nitakwenda kumwonyesha mama, nimwambie tazama, ameondoka, nimerudi mimi. Ngozi ni laini. Sahla ananitazama bila huruma.

Ijumaa, 11 Julai

Ingekuwa bora ningekufa mimi siku ile na yeye akabaki. Naliandika neno hili polepole nilione lilivyo. Hesabu yake ni nyepesi mno. Mama angekuwa na huu uso, na mwenyewe ndani yake.

Jumatatu, 14 Julai

Kahaso amekuja. Jumamosi kulikuwa na harusi Gede na mimi sikutokea wala sikupiga simu, akapaka hina yeye, vibaya, anasema bibi harusi alifanana na mtu aliyepika matoke ya kuungua. Alitaka nicheke. Sikucheka. Akakaa kitandani akaniuliza nimekula lini. Nikasema sikumbuki, na jibu hilo likamtisha. Nilimwambia lile neno la Ijumaa. Hakuniambia nisikufuru, wala nisali. Aliinuka akanivisha buibui kama mtoto, akafunga vifungo vyote, akanipeleka kliniki.

Daktari Idah alikuwa na wagonjwa wamejaa benchini. Aliponiona aliniingiza. Alifunga mlango akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza.

Aliuliza, "Unafikiria kujidhuru?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo kwa uwazi namna ile. Nikasema sijafikiria namna ya kufanya, nafikiria tu kutokuwapo. Nikamwambia yote. Kioo, leso, posa, mtoto. Nikamwambia nilimdanganya mwezi wa sita.

Akasema, "Nilijua. Kosa langu ni kukuacha uondoke." Kisha akaniambia dawa hii huweza kuushusha moyo wa baadhi ya watu, na msiba huweza, na kukosa usingizi huweza, na kwamba hawezi kunidanganya akajifanya anajua ni kipi. "Tutakitoa kile tunachoweza kukitoa. Vidonge hatuongezi kwa sasa. Vingine tutavitafutia mtu wa kuzungumza nawe, na utazungumza naye wiki hii, si mwezi ujao."

Nilimwuliza kama uso utarudi kuwa ule wa zamani.

Akaniuliza, "Wewe unataka urudi?"

Nililia hapo. Kahaso alinishika mabega. Tulipotoka aliniambia nitalala kwao Gede siku chache. Baba alikubali kwenye simu kabla sijamaliza kuomba.

Jumapili, 20 Julai

Gede. Nyumba ya mama yake Kahaso haina kioo isipokuwa kile kidogo cha kunyolea cha kaka yake. Nalala mchana, naamka, napewa sima na mchicha wa nazi. Mama yake hakumjua dada yangu. Ananiita "wewe Mastura" na kunituma maji.

Ijumaa, 25 Julai

Nimerudi nyumbani. Umair alikuja na Kulu, akamwacha ndani kwa mama. Mimi nilikuwa uani. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

Akasema, "Nimekuja kukuomba radhi. Siku ya Idi ulipotoka na sinia, nilijua siyo yeye. Nilijua vizuri. Nikataka nijidanganye na wewe unisaidie."

Nikamwuliza, "Ungeniita nani, ndani ya nyumba?"

Alifikiri kwa kweli. Aliitazama mikono yake.

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana nashukuru ulikataa. Mimi nisingeweza, nisingekuwa na nguvu hizo."

Aliniambia atamleta Kulu kila Ijumaa alale mpaka Jumapili, na kwamba amekwishazungumza na mamake juu ya hilo. Halafu akanitazama usoni, mara ya kwanza nadhani, akasema mdomo wangu umepasuka, nipake kitu.

Jumapili, 27 Julai

Kabla hajarudi Watamu nilimkalisha Kulu na picha ya harusi. Nilimwonyesha mamake. Nikamwonyesha na mimi, nilikuwa pembeni na nikabu yangu, naonekana macho. Nikamwambia huyu ndiye mama, amekufa, Mungu amemchukua, alikupenda sana siku zile tatu. Na huyu ni Mamadogo. Alitazama muda mrefu. Akauliza kwa nini Mamadogo amejificha. Nikamwambia alikuwa ameumwa na nyuki.

Mama alikuwa anasikiliza akiwa jikoni. Sufuria hazikugonga.

Jumatano, 6 Agosti

Nimezungumza na yule mama wa ushauri mara kadhaa. Sipendi kwenda, lakini narudi nikiwa mwepesi. Daktari amenirudishia dawa, kidonge kidogo zaidi, nusu ya nguvu ya kwanza, na kunipa namba ya simu yake. Nalala.

Jumanne, 12 Agosti

Bibi harusi wa Watamu, hina ya maua makubwa mpaka viwikoni. Nilipaka bila nikabu, tulikuwa wanawake watupu. Hakuna aliyeondoka chumbani.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi ya leo nilikuwa uani najipaka mafuta ya mgando, nimekaa kwenye mbuzi ya nazi kwa sababu kigoda kimevunjika. Jua lilikuwa limefika ukutani. Mama alitoka na kanga zake mbichi, akazianika, kisha akaja akanichukulia kikopo mkononi. Hakuwa amenigusa tangu Juni. Akachota mafuta, akaanza kunipaka mwenyewe.

Alianza kwenye kipaji, akashuka shavuni. Hapo kidole chake kikasimama. Kikasogea, kikasimama tena.

"Haya mashimo ni ya nini?"

"Ni makovu, mama. Daktari anasema dawa haiyaondoi."

Alinigeuza kwenye jua, kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya. Lakini safari hii alisogea karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Alilifuata moja baada ya jingine, shavu lote, kisha taya, kisha shingo. Alichelewa sana juu ya lile la chini ya sikio, ambalo ni refu.

Akasema, "Sahla hakuwa nayo haya."

"Hakuwa nayo."

"Yameingia ndani hivi." Kidole kilikuwa bado pale. "Yalikuuma?"

"Yaliniuma sana. Kuna miaka sikuweza kulalia upande huo."

"Mbona hukuniambia, Mastura?"

Nilitaka kusema kitu kingine, kitu chepesi. Lakini aliniita jina langu, na nikaona nimjibu ukweli.

"Nilikwambia, mama."

Aliuacha mkono wake shavuni kwangu. Kikopo kikamponyoka kikabingirika mpaka kwenye ngazi, wala hakukifuata. Akalia. Nimemwona mama akilia mara nyingi tangu Sahla aondoke, naujua mlio wake, najua unavyoanza na unavyoisha. Huu sikuujua. Alikuwa akinililia mimi, na mimi nipo hai, nimekaa mbele yake, mafuta usoni.